Dirisha Kwenye Plasta

Watu wa jengo letu walimwita Bi Mkasi, jina ambalo yeye mwenyewe hakulisikia hata siku moja, maana alikuwa kiziwi tangu utotoni. Alijua tu kwamba wateja wakimuulizia kwa wenzake huinua vidole viwili na kukata hewa, naye hakuwa na neno. Alikuwa fundi nguo, lakini kazi yake hasa ilikuwa kukata. Wenzake wa karakana ile ya chini walikaa kwenye cherehani. Yeye alisimama mbele ya meza ndefu, kitambaa kimetandikwa, chaki nyuma ya sikio, akikata sare za shule na mashuka ya hospitali. Ukimpa kitambaa kilichopungua, alikizunguka mara moja, akakuna kidevu, akakitoshea.

Mumewe tulimwita Msusi. Naye alikuwa kiziwi, walisoma shule moja. Zamani alikuwa seremala, fundi wa kutegemewa, mpaka presha ya macho ilipoanza kumla mwanga, kwanza pembeni, kisha katikati, na mwisho likabaki giza. Randa na msumeno akavigawa. Akajifunza kusuka vikalio vya viti kwa kamba, kazi ambayo vidole huiona vyenyewe.

Utauliza, mtu asiyesikia wala kuona huongeaje na mkewe? Waliokuwa wageni jengoni waliuliza hivyo hivyo, mpaka walipowaona jioni barazani. Bi Mkasi alikaa mbele ya mumewe, magoti yakikaribiana, akaanza kusema kwa lugha ya alama. Msusi aliweka viganja vyake juu ya mikono ya mkewe, vyepesi, kama mtu anayepima joto la sufuria, na kila ilikokwenda mikono ya mkewe, yake ilifuata. Hivyo alijua nani kahamia, nani kaachwa, nani kanunua friji na bado hajamaliza kuilipia. Umbea wote wa jengo ulipita mikononi mwake kabla haujatufikia sisi wenye masikio. Waligombana pia, na ugomvi wao ulikuwa na kelele ya aina yake, viganja vikigongana pa, pa, pa, mpaka mmoja acheke.

Zaidi ya mkewe, Msusi alikuwa na watu wawili tu wa kuzungumza nao. Mmoja ni binti yao, anayesikia, aliyekuwa akiuza rangi katika duka upande wa pili wa mji. Huyo tangu aondoke nyumbani mikono yake ilikuwa mizito. Alikuja, akasalimia, akaacha alichokileta, akaondoka. Wa pili ni rafiki yake wa toka shuleni, kiziwi mwenzao, mwoka mikate. Mwokaji alikuja kila Jumapili na mkate chini ya kwapa, nao walikaa barazani mpaka jua likawahama.

Asubuhi moja ya mvua, Bi Mkasi alikuwa akishuka ngazi na jora la kitambaa begani. Vigae vilikuwa na maji. Mguu uliteleza, akatanguliza mkono wa kulia kujizuia, na uzito wake wote ukaangukia kiganja. Aliinuka, akaokota jora, akafuta tope. Mkono ulikuwa umevimba kidogo chini ya kidole gumba, akadhani ameteguka. Akaufunga kitambaa na kuendelea kukata. Zilipita siku kadhaa za kujikaza hivyo, mpaka mchana mmoja mkasi ukamponyoka na kuangukia meza, akaketi chini, uso umebadilika rangi. Wenzake ndio waliompigia binti simu.

Hospitalini, baada ya kupigwa picha ya eksirei, waliingia kwa daktari wa mifupa, mwanamume wa makamo mwenye foleni ndefu mlangoni. Daktari alimtazama binti.

"Mwambie mama yako amevunjika."

Bi Mkasi aligonga meza mara moja kwa mkono wake mzima. Hakuwa na hasira. Ndivyo viziwi wanavyoitana. Daktari akageuka. Bi Mkasi akamwonyesha kwa kidole macho yake mwenyewe, kisha midomo ya daktari.

"Anaomba umtazame yeye," binti alisema. "Mimi nitafasiri."

"Samahani, mama," daktari alisema, na tangu hapo alizungumza na yeye. Akaelekeza kalamu kwenye picha. "Mfupa wenyewe ni huu. Ni mdogo, umbo lake kama korosho. Ukitanguliza mkono wakati wa kuanguka, huu ndio unaoumia. Tatizo lake, damu huuingia kwa upande mmoja. Ukikatika katikati, upande wa pili unabaki na njaa. Na wewe una kisukari, kwa hiyo hautakuwa na haraka ya kuunga. Tutafunga plasta kuanzia hapa karibu na kiwiko, na gumba litafungwa humo humo."

"Na vidole vingine?" Bi Mkasi aliuliza kwa mkono wa kushoto.

"Vitakuwa nje. Lakini kifundo hakitageuka."

Bi Mkasi aliutazama mkono wake kwa muda. Kisha akasema kitu, na binti akakawia kidogo kabla ya kukifasiri.

"Anauliza, ataongeaje na mume wake."

Daktari hakuelewa, ikabidi aelezwe. Alipoelewa aliweka kalamu mezani. "Mkono mmoja, mama," alisema. "Kwa muda."

Jioni ile Msusi alinyoosha mikono kama kawaida, ikakutana na plasta. Ikasimama. Akaifuata kuanzia karibu na kiwiko, taratibu, mpaka kwenye ncha za vidole vinne vilivyochungulia, kama anavyokagua ubao kabla ya kuununua. Kisha akauliza, "Uko wapi humu ndani?" Bi Mkasi alicheka, naye Msusi aliusikia mtikisiko wa kicheko kile mabegani mwa mkewe, akacheka pia. Siku za mwanzo zilikwenda kwa mzaha namna hiyo.

Lakini mzaha haukushibisha. Maneno mengi ya lugha yao yalihitaji mikono miwili, mmoja ukiwa ardhi na mwingine ukitembea juu yake. Kwa mkono mmoja, tena wa kushoto usiozoea, Bi Mkasi alilazimika kutaja neno herufi kwa herufi, na Msusi alichoka kabla ya sentensi kwisha. Mazungumzo yakawa kama uji wa mgonjwa, ya kuwekea roho tu. Kula. Dawa. Mvua. Lala. Umbea wa jengo ulikufa. Msusi akapunguza kuuliza, kisha akaacha. Alikaa na viti vyake tangu asubuhi, mgongo ukielekea mlangoni, na ukimgusa bega alishtuka kama mtu aliyetolewa mbali.

Binti alihamia chumba cha nyuma ili awasaidie. Alipika, alifua, alimpima mama sukari kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Baba yake akimuuliza jambo, alimjibu kwa ufupi kama karani wa dirishani, kisha akaondoa mikono.

Plasta ilikuwa bado mpya msiba ulipowafika. Mke wa Mwokaji mwenyewe alikuja karakana mchana, akasimama mlangoni mpaka Bi Mkasi alipoinua kichwa. Akasema kwa mikono: mume wangu alianguka jana mbele ya tanuri, moyo, hakuinuka. Bi Mkasi alitaka kujibu na mkono wa kulia ukajaribu kuinuka ndani ya plasta. Hakuweza. Akamkumbatia, wakasimama hivyo katikati ya vipande vya kitambaa, na cherehani zote zikanyamaza.

Alipanda ngazi akiwa amekusudia kumwambia mumewe mara moja. Akamkuta barazani, na kwa bahati mbaya ilikuwa siku njema. Msusi alikuwa amekula vizuri, amevaa shati lililopigwa pasi, na alipomtambua mkewe alimtania juu ya harufu ya dawa iliyomganda. Kisha akasema, "Jumapili Mwokaji aje na mkate wa chumvi. Ule wa juzi ulikuwa mtamu mno, kama wa harusi."

Katika lugha yao, neno la kifo linataka mikono miwili. Bi Mkasi aliinua wa kushoto, akaanza kutafuta herufi, na uso wa Msusi ukamngoja, umetulia, una tabasamu. Mkono ukaghairi. Ukasema neno jingine, jepesi, la mkono mmoja: amesafiri. Kwenda wapi? Kwa mwanawe. Kwa muda gani? Sijui.

Hivyo ndivyo uongo ule ulivyoingia nyumbani, bila kupangwa.

Mazishi yalikuwa kesho yake. Bi Mkasi na binti walimwambia Msusi kwamba wanakwenda hospitali. Njiani kurudi, viatu vikiwa na udongo, binti alisimama.

"Mama, lazima aambiwe. Kama wewe huwezi, nitamwambia mimi."

"Wewe hutaweza," Bi Mkasi alijibu kwa mkono wake wa kushoto, akirudia pale binti alipopoteza. "Mikono yako inamwambia mambo kama unamsomea bei ya rangi. Nitamwambia mwenyewe, plasta ikitoka. Habari ya rafiki yake haiwezi kutajwa herufi moja moja."

Binti alitangulia mbele, na hawakutazamana mpaka nyumbani.

Plasta ilipotoka, Bi Mkasi alikuwa ameshapanga atakavyosema. Daktari akaweka picha mpya mbele ya taa, na huhitaji kuwa umesoma kuona kwamba ule mstari mweusi katikati ya korosho ulikuwa pale pale.

"Haujaunga," alisema, akimtazama yeye. "Tuna njia mbili. Moja ni upasuaji, nitie skrubu na kipande cha mfupa kutoka mahali pengine. Lakini sukari yako ilivyo sasa, naogopa kidonda. Njia ya pili ni kukufunga tena, na kuujaribu mfupa kwa altrasaundi."

Alimweleza polepole. Kuna kifaa kidogo kinachotuma mawimbi ya sauti ndani ya mwili, mapigo mafupi mafupi, dhaifu, yasiyounguza wala kuuma. Mapigo yale hutikisa chembechembe za mfupa kwa namna isiyohisika, na inaaminika kwamba huzichochea kufanya kazi yake.

"Siwezi kukuahidi, mama. Wapo wenzangu wanaosema husaidia mfupa uliochelewa, na wapo waliopima wakasema hawakuona tofauti kubwa. Lakini kwa hali yako, ningejaribu hilo kabla ya kisu. Na sukari ishuke. Hilo halina mjadala."

"Ni sauti?" Bi Mkasi aliuliza.

"Ni sauti, lakini ya aina ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia."

Bi Mkasi alifikiri, akasema jambo, na binti akacheka kabla ya kufasiri.

"Anasema, basi leo humu ndani sote ni viziwi."

Kwa mtaalamu wa viungo, kijana mwembamba aliyezungumza kwa nyusi zaidi kuliko kwa midomo, walifunga plasta mpya, kisha wakakata ndani yake tundu la mraba, chini kidogo ya gumba. Dirisha, alisema yule kijana, na akachora dirisha hewani ili mgonjwa aelewe. Kupitia pale ngozi ilionekana, nyeupe kwa unga wa plasta. Akapaka jeli baridi, akabandika kichwa cha kifaa kilicho kama kifungo kikubwa cha koti, akafunga mkanda. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Dakika ishirini kila siku, bila kukosa; taa ikizimika, muda umekwisha. Hospitali ilikuwa na vifaa vichache vya kuazima, akapewa kimoja arudi nacho nyumbani. Yule kijana alitaka kumuaga kwa lugha ya alama aliyojifunza palepale kwa binti, akakosea kidole, akamwambia kwa heshima zote, "Uchemke vizuri." Bi Mkasi alimjibu kwamba atajitahidi.

Habari ziliwatangulia jengoni. Mama wa ghorofa ya pili alimvizia binti kwenye ngazi.

"Nasikia mama yako anakwenda altrasaundi. Kwa umri ule? Kweli Mungu hachoki."

Binti alimpa baba yake habari hiyo jioni, kwa mikono yake mizito. "Muulize mama yako," Msusi alisema, "ni wa nani?" Walicheka wote watatu, na Bi Mkasi aliogopa kicheko kile kuliko kimya, kwa sababu alijua nini kimefichwa chini yake.

Kila asubuhi baada ya kupima sukari na kunywa chai isiyo na sukari, alikaa dirishani, akapaka jeli, akafunga mkanda. Hakuhisi kitu. Hakuna joto, hakuna mtekenyo. Alitazama taa ya kijani na kuwaza kwamba anafuga kitu asichokijua kama kiko hai. Na kila Jumapili Msusi alivaa shati safi akaketi barazani. "Bado hajarudi?" Bado. "Mwanawe amemficha." Njia ya mwongo ni fupi, wanasema waliotutangulia, lakini ile yao ilizidi kurefuka, na kila hatua ilimwongezea Bi Mkasi mzigo. Alikonda. Sukari ilipanda ingawa hakula cha kuipandisha.

Ndipo Msusi alipomaliza kiti. Kinyume na kawaida, hakusema ni cha mteja yupi. Kikalio chake alikisuka kwa mtindo mgumu, nyota ndani ya nyota, na kingo zake akazisugua mpaka zikawa laini kama shavu. Jumapili asubuhi alikiburuta mpaka kwa mkewe, aliyekuwa ameketi na kifaa mkononi.

"Ni cha Mwokaji," alisema. "Miguu yake inamuuma kwa kusimama. Mtafute mtu ampelekee huko kwa mwanawe."

Bi Mkasi alikitazama kiti. Akachukua mkono wa mumewe kwa wake wa kushoto, akafanya alama ya jina la Mwokaji, kisha akataja herufi, moja baada ya nyingine, mpaka neno likatimia.

Msusi alikunja uso. "Umekosea. Rudia."

Alirudia.

"Lini?"

Akamwambia.

Msusi aliinamisha kichwa akihesabu zile Jumapili zote alizokaa barazani. "Alizikwa?"

"Alizikwa."

"Ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Bila mimi."

Hakungoja jibu. Alitoa mkono wake, akaingiza viganja vyote viwili chini ya makwapa, akavibana. Kwa mtu kama yeye, huko ndiko kufunga mlango na kutia komeo. Huwezi kumpigia kelele akusikie, huwezi kumwandikia asome. Bi Mkasi alibaki ameketi mbele yake, na taa ya kijani ilizimika asiione.

Zilifuata siku ngumu kupita zile za kuvunjika. Msusi alikula alichowekewa, alisuka viti vyake, alilala. Mikono yake aliirudisha makwapani kila alipohisi nyayo za mkewe sakafuni. Bi Mkasi hakumlazimisha. Alikwenda karakana akikunja vitambaa kwa mkono mmoja, na wenzake walimwona mara nyingine amesimama tu, jora halijafunguliwa. Kifaa chake hakukiacha, lakini alikivaa kama anayetumikia adhabu.

Aliyeanza kusogea ni binti. Siku moja alirudi kazini, vidole vikiwa bado na madoa ya rangi, akavuta kigoda, akaketi mbele ya baba yake, akaweka mikono yake miwili juu ya magoti ya mzee, viganja juu. Akangoja. Msusi alijua ni nani, alinusa rangi. Hakufanya kitu. Binti naye hakuondoka. Mguu ulimfa ganzi, akaubadilisha, akaendelea kungoja, mpaka mikono ya baba yake ikatoka polepole na kutua.

Akamsimulia mazishi. Akamwambia waokaji walikuja na aproni zao nyeupe, wakalibeba jeneza wao wenyewe. Akamwambia mvua ilikatika walipofika, na udongo ulikuwa mwekundu, mzito, ukishika majembe. Mjane alisimama wima na alipotaka kusema, viziwi wote walisogea mbele wamwone, na watu wengine wakawapisha bila kuelezwa. Maneno mengi alikuwa ameyasahau. Alipofika kwenye tanuri alitumia alama isiyo yenyewe, na Msusi akamshika vidole, akavipanga upya.

"Hivi. Ulivyosema wewe ni kabati."

Binti akarudia vizuri, akaendelea. Alipomaliza wote wawili walikuwa wamelowa uso.

"Mkono uliovunjika ni wa mama yako," Msusi alisema mwishowe. "Wako ulikuwa na nini?"

"Ulikuwa mzito, baba."

"Uzito huisha kwa kutumiwa." Akamshika kidole kimoja kimoja, akikwangua madoa ya rangi kwa ukucha. "Kesho uniambie kuhusu hilo duka lako. Miaka yote hii sijui hata unauza rangi gani."

Siku mbili tatu baadaye, Bi Mkasi alikuwa dirishani na jeli yake alipohisi sakafu ikitikisika nyuma yake. Msusi alipapasa mpaka akapata kiti, akaketi, akanyoosha mikono. Hakusema amesamehe wala hajasamehe.

"Nionyeshe hicho kitu."

Alifungua mkanda, akampa. Msusi akakikagua chote, waya, kifungo, sanduku lenye ukubwa wa sabuni ya kufulia. Kisha akaifuata plasta mpaka kidole chake kikafika ukingoni mwa lile tundu la mraba, kikaingia. Kikagusa ngozi. Tangu mkewe avunjike hakuwahi kuugusa mkono ule pale. Kidole kilikaa humo, katika jeli, kwa muda.

"Baridi," alisema.

"Ndiyo."

Akakirudisha kichwa cha kifaa mahali pake yeye mwenyewe, akakishikilia, akiwa ameinamisha shingo kama seremala anayesikiliza mbao kwa vidole.

"Hakifanyi kitu."

"Wanasema kinafanya. Hakihisiki tu."

Msusi hakuondoa mkono. Kwa mkono mwingine akasema, "Usiniamulie tena nini naweza kubeba na nini siwezi."

"Sitarudia," Bi Mkasi alijibu.

"Macho yalikwenda nikabeba. Haya nayo ningebeba. Ningekuwa pale, ningeshika jeneza."

"Najua. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Alitafuta kwa muda mrefu neno linaloweza kusemwa kwa mkono mmoja. "Kukuona ukingoja niseme, na mimi siwezi."

Msusi aliitikia kwa kichwa. Toka siku ile yeye ndiye aliyeshika kifaa kila asubuhi, na mkanda ukakaa bila kazi. Bi Mkasi alijua muda umekwisha kwa taa, naye alimgusa goti.

Picha iliyofuata ilionyesha utando mwembamba, kama ukungu wa pumzi kwenye kioo, ukivuka ule mstari mweusi. Daktari aliisogeza picha karibu na taa, akaitazama kwa upande. Sukari nayo ilikuwa imeteremka.

"Unaunga," alisema. "Sijui nishukuru altrasaundi, au plasta, au sukari iliyoshuka, au muda tu. Huenda vyote. Endelea hivyo hivyo."

Aliendelea, na ulipofika wakati, plasta ilikatwa kwa mara ya mwisho. Mkono ulitoka mwembamba, ngozi ikichambuka, ukinuka kama nguo iliyosahaulika majini. Yakafuata mazoezi kwa yule kijana wa nyusi: kuminya sifongo, kuviringisha taulo, kukunja na kukunjua huku jasho likimtoka. Kifundo kilikubali kupinda nusu ya kilivyopinda zamani, kikagoma hapo. Bi Mkasi alirudi kwenye meza ndefu, lakini vitambaa vizito vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka hakuviweza tena. Sasa hukata vyepesi, mashuka na blauzi, na mapumziko ni mengi. Wapo wateja waliohamia kwingine. Hilo lilimuuma, na hakulificha.

Lugha yake pia ilibadilika. Alama alizokuwa akizifanya juu, kwa mzunguko mpana, sasa zilifanyika chini, karibu na kifua. Msusi alilalamika siku za kwanza.

"Unaongea kama mtu aliye kwenye chumba kidogo."

"Zoea," mkewe alimjibu, kwa mikono miwili.

Jumapili iliyofuata walikwenda makaburini wote watatu, binti akibeba kile kiti kichwani. Jua lilikuwa kali, nyasi zimeota juu ya udongo. Bi Mkasi alimweka mumewe mbele ya kaburi, akamgeukia, na Msusi akaweka viganja juu ya mikono yake. Akamweleza yote yaliyokuwapo. Ukuta mdogo wa matofali. Upande ambao kichwa kimelala. Mti ulio karibu na usio na kivuli cha maana. Makaburi ya jirani, mapya yakiwa mengi kuliko ya zamani. Hakuharakisha, na kila mkono ulipogoma kupinda, mumewe alingoja.

Kisha Msusi alitoa mikono yake, akasogea hatua moja, akaanza kusema peke yake, kuelekea chini. Miongoni mwa viziwi, kutazama ndiko kusikiliza. Bi Mkasi aligeuza uso, akamgusa binti naye ageuze, wakasimama wakiangalia barabara na magari yaliyokuwa yakipita, mpaka alipomaliza.

Walipoteremka kwenda kwa mjane wa Mwokaji, binti alikuwa katikati, baba amemshika mkono mmoja na bado anamwambia jambo kwa mwingine. Mjane alikuwa amesimama nje ya nyumba yake, amewaona tangu mbali. Alikipokea kiti kwa mikono miwili, akakiingiza ndani, akawakaribisha chai.